Mazoezi ya piano yatungwe pia kwa nyimbo za kwetu

Mwanafunzi anayeanza kujifunza piano mjini Homa Bay au Migori, sawa na mwenzake wa Nairobi, Tokyo au Paris, aghalabu hukabidhiwa mazoezi ya watu waliofariki kabla reli kutoka Mombasa haijafika Kisumu mwaka 1901. Carl Czerny wa Vienna alifariki mwaka 1857. Ferdinand Beyer, Mjerumani, alimfuata mwaka 1863. Charles-Louis Hanon, Mfaransa aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa, aliaga dunia mwaka 1900. Majina yao hutajwa na walimu wa muziki kama vile walimu wa lugha walivyozoea kutaja majina ya waandishi wa vitabu vya sarufi: kwa heshima iliyochanganyika na woga.

Vitabu hivi havikuenea kwa bahati nasibu. Vimepangwa kwa uangalifu, vinapanda kutoka lililo jepesi hadi lililo zito, na vimewalea wapiga piano wengi mashuhuri duniani. Isitoshe, ni rahisi kupatikana. Sheria ya Kenya huilinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mabwana hawa watatu muda huo ulikwisha zamani, na matoleo yao ya awali yanaweza kunakiliwa bila kumdhulumu yeyote. Kwa shule isiyo na fedha za kununulia vitabu vya muziki, hilo si jambo dogo.

Sikusudii kuvipiga vita vitabu hivyo. Ninachosema ni kwamba havitoshi, na kwamba upungufu wake unaweza kuzibwa na walimu wenyewe wa Nyanza Kusini, iwapo watajitokeza kutunga mazoezi ya vidole yanayochimbuka katika nyimbo na ala ambazo mtoto wa hapa amekua akizisikia.

Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, somo la muziki katika shule za upili lilibaki kuwa la wachache, hasa wa shule zilizobahatika kuwa na ala na walimu. Mtaala wa Umilisi umekuja na ahadi nyingine. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyowekewa ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo muziki una nafasi yake. Mtoto wa Rongo, Oyugis, Mbita au Kehancha anayechagua mkondo huo anahitaji vidole vinavyomtii. Mwenzake wa jijini ambaye wazazi wake wana uwezo huenda alianza kufundishwa na mwalimu wa kulipwa tangu akiwa na miaka sita. Huyu wetu anaanza akiwa na miaka 15, kwa kinanda cha kanisa, siku ambazo kanisa halina ibada. Kitabu cha kwanza kikimchosha na kumkatisha tamaa, hatakuwa na kitabu cha pili.

Hebu tukitazame kwa makini kile kinachomo katika vitabu hivyo. Kitabu cha Hanon kilichapishwa mwaka 1873 na kina mazoezi 60. Zoezi la kwanza, tukilisema kwa solfa ambayo wanakwaya wetu wanaifahamu, ni do, mi, fa, so, la, so, fa, mi. Ruwaza hiyohiyo husogezwa hatua moja ikaanzia re, kisha mi, kisha fa, mpaka oktava mbili zitimie, halafu mwanafunzi hurudi chini kwa njia inayofanana na hiyo. Mikono yote miwili hupiga sauti zilezile, mmoja ukiwa oktava moja juu ya mwingine. Hakuna wimbo humo, wala hakukusudiwa kuwa na wimbo. Lengo ni kusawazisha vidole, hususan kidole cha nne, kile cha pete, ambacho hakina uhuru wa kutosha kwa kuwa kano zake zimeungana na za majirani zake nyuma ya kiganja.

Czerny ni wa namna nyingine. Alikuwa mwanafunzi wa Beethoven na mwalimu wa Liszt, na kazi zake zilizopewa nambari zinapita 800. Kazi nambari 599, aliyowatungia wanaoanza, ina vipande 100 vifupi ambavyo angalau vina sura ya wimbo: mkono wa kulia ukiimba, wa kushoto ukisindikiza. Beyer, katika kazi yake nambari 101, ni mpole zaidi. Humwanzisha mtoto katika sauti tano tu, na mwalimu huketi kando yake akimjalizia sauti za chini ili kipande kisikike kuwa muziki.

Je, mazoezi ya aina hii yana faida? Bila shaka yanayo. Hakuna fundi aliyepata ufundi bila kurudiarudia, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayedhani kwamba kurudiarudia ni desturi ya Wazungu peke yao hajawahi kuketi karibu na kijana anayefundishwa nyatiti. Huyo naye hushika ruwaza moja fupi na kuipiga mpaka mkono uijue bila kuamriwa. Tofauti ni kwamba ruwaza ile anayoirudia kijana wa nyatiti ni sehemu ya wimbo anaoujua, wimbo aliousikia matangani au arusini, na anajua kwamba siku moja ataimba juu yake. Anayerudia Hanon anapanda ngazi ambayo haijaegemea ukuta wowote.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata ruhusa ya kusema neno, maana mgogoro huu sisi tuliupitia. Katika miaka ya 1950 na 1960, ufundishaji wa lugha za kigeni ulitawaliwa na mazoezi ya kurudia ruwaza. Kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Kisu kimepotea, visu vimepotea. Iliaminika kwamba lugha ni mazoea, na kwamba mazoea hujengwa kwa kurudia. B. F. Skinner aliipa imani hiyo nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1957, na Noam Chomsky akaishambulia vikali katika mapitio aliyoyachapisha mwaka 1959. Walimu wa madarasani walikuwa wameliona tatizo kwa macho yao. Mwanafunzi aliweza kugeuza sentensi 50 kutoka umoja hadi wingi bila kosa, kisha akashindwa kumwomba mwenye duka chumvi ya kukopa.

Tulifanyaje? Hatukuyatupa mazoezi ya ngeli. Mwanafunzi wa Homa Bay ambaye lugha yake ya kwanza ni Dholuo, lugha isiyo na ngeli kama za Kibantu, angali anahitaji kuzirudia mpaka ulimi uzoee. Tulichofanya ni kuyaingiza mazoezi hayo katika mazungumzo yenye maana: sokoni, hospitalini, nyumbani. Ruwaza ilibaki, ila ilipewa mtu wa kuisema na sababu ya kuisema. Walimu wa piano wanaweza kujifunza kutokana na njia hiyo badala ya kuianza upya.

Upungufu wa kwanza wa vitabu hivi, basi, ni kwamba hufundisha silabi bila maneno. Upungufu wa pili unahusu mapigo. Katika mazoezi ya mwanzo ya Hanon mikono miwili husema neno moja kwa wakati mmoja, mithili ya askari wanaopiga gwaride. Linganisha hayo na nyatiti. Ala hii ina nyuzi nane, na mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi akiwa ameilaza ubavu mbele yake. Kila mkono una nyuzi zake na ruwaza yake fupi, na ruwaza hizo hupishana na kujibizana. Kwenye kidole gumba cha mguu mna pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo hugongwa kwenye ubao wa ala kushika pigo. Njuga ziitwazo gara hulia mguuni. Juu ya hayo yote mtu huyohuyo anaimba, anasifu, anasimulia na kutania.

Mtoto aliyekulia katika muziki wa namna hiyo, au katika ngoma za ohangla, au katika sauti ya orutu yenye uzi mmoja, ana kitu sikioni ambacho wanafunzi wengi wa Ulaya hukipata kwa taabu na kwa kuchelewa. Mapigo matatu yakikutana na mawili hayamshtui. Ajabu ni kwamba kitabu chake cha kwanza cha piano hakimuulizi lolote kuhusu utajiri huo. Kinamwanzisha kama mtu asiye na kitu, na anapofika mbali, miaka kadhaa baadaye, ndipo anaelezwa kwamba kupishanisha mapigo ni jambo gumu linalohitaji mazoezi maalumu. Mwalimu wa lugha angeuita mwenendo huo kupuuza lugha ya kwanza ya mwanafunzi, na angeonywa na wakaguzi.

Lipo pia suala la toni. Dholuo ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana za maneno na hata hali za kitenzi. Kiswahili hakina jambo hilo, na pengine ndiyo sababu waandishi wengi wa vitabu vya shule hawalikumbuki. Nyimbo za dini zilizotafsiriwa na kutiwa katika tuni za Ulaya mara kwa mara huilazimisha silabi kupanda pale ambapo lugha ilitaka ishuke. Waumini huelewa kwa mazoea, lakini sikio la mtoto hufundishwa polepole kwamba muziki na lugha ni majirani wasiosalimiana. Nyimbo za asili za watoto haziwezi kuipuuza toni kwa kiasi hicho, kwa kuwa zilizaliwa ndani ya lugha. Zoezi la piano linalotokana na wimbo kama huo humfundisha mwanafunzi vidole na usikivu kwa pamoja.

Upungufu wa tatu hautokani na vitabu wenyewe. Unatokana na chombo tulicho nacho. Piano halisi, yenye nyuzi na nyundo, ni adimu katika kaunti hizi mbili. Kilichoenea ni kinanda cha umeme cha makanisani na shuleni, ambacho mara nyingi kina vibao 61, yaani oktava tano. Mazoezi ya mwanzo ya Hanon yanaenea humo bila shida. Hata hivyo, vibao vya vinanda vingi vya bei nafuu ni vyepesi, na havina uzito ambao Hanon aliufikiria alipoagiza vidole viinuliwe juu. Mwanafunzi anayelitii agizo hilo neno kwa neno juu ya kibao chepesi hujikaza bure, na anaweza kujiumiza. Mwalimu amwambie wazi kwamba mkono ukiuma, zoezi lisimame.

Hatari kubwa zaidi imo katika kitufe kimoja kidogo, kile cha kupandisha na kushusha kii. Mpigaji hujifunza kii moja, akaizoea, na waimbaji wakitaka kupanda yeye hubonyeza kitufe, mashine ikapanda kwa niaba yake. Ibada inaendelea vizuri na hakuna anayelalamika. Lakini siku atakapoketi mbele ya piano isiyo na kitufe, mbele ya mtahini au katika tamasha za muziki za shule, tamasha ambazo historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1927, atakuwa kama mtu anayejua kuzungumza chumbani kwake tu. Katika jambo hili wazee wa Ulaya wana funzo la kutupa. Mpiga piano Mrusi Sergei Rachmaninoff aliwahi kueleza jinsi wanafunzi wa Urusi walivyotakiwa kuyajua mazoezi ya Hanon kwa nambari zake, na kuyapiga katika kii yoyote watakayoambiwa na watahini. Tunalirithi zoezi na kuiacha nidhamu yake.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba nazungumzia ndoto, na kwamba vitabu vya mazoezi hutungwa na mabingwa wa ng'ambo. Historia ya Homa Bay yenyewe inawajibu. Mwaka 1906 mmisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen, alifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwaka 1910 alichapisha sarufi ya Dholuo, na ndani yake, pamoja na msamiati, aliweka mazoezi na majibu yake. Mwaka 1913 misheni hiyo ikapata mtambo mdogo wa kupigia chapa. Umisheni na ukoloni vina lawama zake, nami sizifuti. Ninachotaka tukione ni utaratibu wa kazi: mgeni alikaa, akasikiliza watu wanavyosema, akaandika kanuni, ndipo akatunga mazoezi. Ikiwa mgeni aliweza kuyafanya hayo kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo, mwenyeji ana udhuru gani kuhusu muziki aliozaliwa nao?

Mwaka huohuo wa 1906, Hungaria, watunzi Béla Bartók na Zoltán Kodály walitoa mkusanyo wao wa kwanza wa nyimbo za wakulima wa nchi yao, baada ya kutembea vijijini kuwasikiliza. Miaka 20 baadaye, Bartók alianza kutunga vipande vya kufundishia piano vilivyokamilika mwaka 1939, jumla yake 153, katika juzuu sita ziitwazo Mikrokosmos. Juzuu mbili za mwanzo alimtungia mwanawe. Humo vidole hufundishwa kikamilifu, lakini lafudhi ni ya kwao, na mapigo yasiyo ya kawaida katika muziki wa Vienna huingizwa mapema bila kuombewa radhi. Leo dunia nzima huvitumia vipande hivyo. Hakuna aliyewaambia Wahungari kwamba wamejitenga.

Barani Afrika pia njia imekwisha kufyekwa. Mwanamuziki na mtafiti wa Ghana, J. H. Kwabena Nketia, alichapisha mwaka 1994 vipande 12 vya kufundishia piano kwa misingi ya muziki wa Kiafrika. Mnigeria Akin Euba alitumia miaka mingi kuieleza na kuitetea dhana hiyo ya upigaji piano wa Kiafrika. Hapa kwetu, Washington Omondi aliandika tasnifu ya uzamifu kuhusu thum, ala hiihii ya nyatiti, katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980. Ndiye pia aliyeongoza tume ya rais iliyopewa kazi ya kushauri namna ya kuuhifadhi na kuuendeleza muziki wa Kenya, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1984. Utafiti upo. Kinachohitajika ni kuuteremsha kutoka rafu za maktaba hadi kwenye kigoda cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wala tusisahau gitaa. Nalo lilikuja likiwa geni. Wapigaji wa benga walilichukua wakalifundisha kusema kwa lafudhi ya nyatiti, nyuzi zikidonolewa moja moja, besi ikijibizana na sauti ya juu. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori upande wa Tanzania, aliijengea bendi yake ya Shirati Jazz jina katika Afrika Mashariki kwa mtindo huo. Gitaa halikupoteza chochote kwa kujifunza lugha ya ziwani. Piano nayo haitapoteza.

Kitabu ninachokipendekeza hakihitaji kuwa kikubwa. Kurasa 40 zinatosha kuanzia, na kanuni chache zitakiongoza. Ya kwanza ni kwamba kila zoezi liimbwe kwa solfa kabla ya kupigwa. Kwaya zetu zina hazina ya solfa ambayo shule nyingi za ng'ambo zingeionea wivu. Tuitumie kama daraja la kufikia nota. Ya pili, mikono ipewe kazi tofauti mapema. Mkono wa kushoto urudie ruwaza ya sauti nne kama wa nyatiti, wa kulia ushike wimbo, na mguu upige sakafu. Ya tatu, kitufe cha kii kizimwe. Wimbo uliopigwa kwa kuanzia C Jumatatu upigwe kwa kuanzia G Jumatano, na kwa kuanzia F Ijumaa.

Kanuni ya nne ndiyo itakayotuokoa na shutuma kwamba tumeacha ufundi na kukimbilia burudani: kila zoezi litaje kidole kinachofunzwa. Nitatoa mfano mmoja. Mwanafunzi akikiweka kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya re, na kila kidole kikashika sauti inayofuata, kidole cha nne kitakuwa juu ya so na cha tano juu ya la. Wimbo wowote wa watoto unaozungukazunguka kati ya so na la utavipa vidole hivyo viwili dhaifu kazi ileile aliyoikusudia Hanon, tena mara nyingi bila mtoto kuhesabu amerudia mara ngapi. Mwalimu anayezijua nyimbo za kijijini kwake atazipata zenye umbo hilo. Kwa njia hiyo anaweza kukikagua kila kidole na kukitafutia wimbo wake.

Mahali pa kuianzia kazi hii papo. Kuna vyuo vya walimu vya Migori na Asumbi, ambako walimu wa kesho wanalelewa. Kuna Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, ambako wanafunzi wa lugha, elimu na sanaa wanatafuta mada za utafiti zisizorudia yaliyokwisha kusemwa. Wazee wanaopiga nyatiti na iritungu ya Wakuria wangali nasi, ingawa kila msimu wa matanga unatupunguzia mmoja. Waendewe, wasikilizwe, walipwe kwa muda wao, na majina yao yaandikwe kwenye kitabu kama ya watunzi wengine wowote. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya nayo iwe tayari kuupokea mswada utakaoletwa na kuupima kwa haki.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni ya mitihani. Wapo watakaosema kwamba bodi ya London, ambayo ilianzishwa mwaka 1889 na huwatahini pia wanafunzi wa Kenya, inataka skeli na vipande vyake, si nyimbo zetu. Jibu ni kwamba kidole kilichofunzwa vizuri hakiulizi kilifunzwa na wimbo gani. Aidha, bodi hiyohiyo ilianzisha mwaka 2020 mtihani wa utendaji usiodai skeli, maana hata wenye mila hiyo wameona kwamba lengo la mazoezi ni muziki.

Pingamizi ya pili ni ya kikabila, na ni nzito zaidi. Nyimbo za kwetu ni za nani? Migori si ya Waluo peke yao. Kuna Wakuria, Abasuba, Abagusii na wengineo, na Homa Bay nayo ina Abasuba wake, ambao lugha yao imemezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo. Kitabu kitakachowasahau kitakuwa kimerudia kosa lilelile tunalolilalamikia kwa Hanon, yaani kumfanya mtoto ajione mgeni katika somo lake. Wimbo mmoja wa Kisuba uliohifadhiwa kwenye kitabu cha piano unaweza kudumu kuliko hotuba kumi kuhusu lugha zinazotoweka.

Kwa walimu wanaosoma makala haya, ombi langu ni dogo na linaweza kutekelezwa muhula huu. Endelea na Hanon yako na Czerny yako. Lakini kila wiki ongeza zoezi moja ulilolitunga kutokana na wimbo ambao wanafunzi wako wanauimba wakiwa uwanjani, liandike kwa solfa na kwa nota, litajie kidole chake, na umpe mwalimu wa shule jirani nakala. Kwa mwaka mmoja walimu kumi watakuwa na mazoezi ya kutosha kujaza kitabu. Kwa wanafunzi nasema hivi: mwalimu asipokuletea wimbo wa kwenu, mpelekee wewe.

Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa Homa Bay na wa Migori naye apewe nafasi ya kucheza kwao tangu ukurasa wa kwanza, ili atakapofika kwa Czerny, na atafika, aingie kama mgeni anayebisha hodi akiwa na zawadi mkononi.